Nani Amekuita Ulaya?

Jioni moja mwezi uliopita alinijia nyumbani hapa Zuzu kijana niliyemfundisha chuoni miaka kadhaa iliyopita, ambaye sasa ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya serikali. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kikombe cha pili cha chai, alitoa ombi lililonifanya ninyamaze. "Mwalimu, naomba uniazime milioni nne kwa wiki tatu tu. Sitazitumia. Nataka zionekane kwenye akaunti."

Kijana huyu anataka kwenda Ulaya. Hakualikwa na mtu, hana ufadhili, hana semina wala kongamano. Amejiwekea akiba kwa miaka mitatu kutokana na mshahara wake na sehemu ya mauzo ya zabibu za shamba la mama yake, na anataka kukaa Berlin siku tisa ili amwone kwa macho yake yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wake katika picha. Mifupa ile ilichimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapakiwa meli kwenda Ujerumani, na tangu 1937 imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Sijui safari nyingine ya Ulaya yenye sababu safi kuliko hiyo.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia arudi Jumamosi na daftari, tufanye hesabu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ulitufurahisha. Akisafiri Novemba, wakati wa baridi na watalii wachache, na akikubali kukaa saa nyingi katika uwanja wa ndege wa njiani, nauli itakula mshahara wake wa miezi mitatu. Atalala kwenye hosteli, katika chumba cha vitanda vinane. Atajipikia, kijana aliyekulia Ugogo hatishwi na siku tisa za mkate na maharage. Ataona mji kwa miguu. Kila kitu katika ukurasa ule kiliweza kupunguzwa, na kila tulipokata alicheka, kwa sababu maisha yake yote amekuwa akikata.

Ukurasa wa pili haukukatika. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 80, na hadi mwanzoni mwa 2020 ilikuwa 60. Yuro 90 ni takriban robo milioni ya shilingi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma nchini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Kwa hiyo ombi tu, kabla ya jibu, ni nusu mshahara wa mtumishi wa ngazi ya chini. Iongezwe bima ya safari ambayo kinga yake haipungui yuro 30,000. Iongezwe pia safari ya kwenda Dar es Salaam, kwa sababu mwombaji wa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe atoe alama za vidole. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973, wizara zimehamia, Bunge liko hapa, lakini mkazi wa makao makuu anayetaka viza ya Ulaya bado hupanda treni ya SGR, shilingi 31,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. (Alama za vidole zikishachukuliwa hutumika tena kwa miezi 59. Safari ya kwanza ndiyo ghali zaidi, nayo ndiyo ya mwenye fedha kidogo zaidi.)

Na ada hiyo hairudishwi. Hapo ndipo nilipokumbuka historia ya ardhi hii tunayoikalia. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo. Neno hilo wakati huo halikuwa na maana ya rushwa. Lilikuwa ushuru wa kupita na kunywa maji katika nchi kavu, uliolipwa kwa nguo na shanga. Burton alilipa, Stanley alilipa, na wote wawili walilalamika sana katika vitabu vyao juu ya tamaa ya Wagogo. Lakini walioilipa hongo ile walipita. Viza ya leo hutoza hongo kwa anayepita na kwa anayerudishwa mlangoni.

Mzungu anayekuja kwetu kutalii hulipa, kwa mataifa yao mengi, dola 50, na anaweza kulipia viza hiyo hapohapo uwanja wa ndege aliposhukia. Haombwi taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya mwajiri, wala uthibitisho kwamba anaipenda nchi yake kiasi cha kurudi. Najua jibu la upande wa pili: wapo wenzetu waliokwenda kwa viza ya matembezi wasirudi. Ni kweli, na serikali yoyote ina haki ya kulinda mpaka wake. Ninachokataa ni kumfanya asiyekosa agharimie kosa la mwingine, halafu asirudishiwe hata senti.

Hata hivyo, swali lililomuumiza zaidi kijana wangu halikutoka ubalozini. Lilitoka hapa nyumbani. Mkuu wake wa kazi alimwuliza, "Nani amekuita?" Majirani wakauliza hilohilo. Hata mimi, nakiri, lilinifika mdomoni.

Swali hili lina mizizi. Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi yake ya Kiswahili ikachapishwa Ujerumani 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Alikwenda kama mtumishi wa bwana wake Mjerumani, Bumiller. Martin Kayamba alifika London mwaka 1931 akiwa mmoja wa wajumbe waliotumwa kutoa maoni ya Waafrika wa Tanganyika, akaandika kitabu juu ya aliyoyaona. Mmoja alipelekwa, mwingine alitumwa. Baada yao wakaja wanafunzi wa ufadhili, kisha wajumbe wa mikutano wenye posho. Tumezoea kwamba Mtanzania huenda Ulaya kwa mkono wa mtu mwingine, hata anapotokea mmoja anayesema "nakwenda kutembea, kwa fedha zangu," sisi wenyewe humtazama kama mwongo. Na ofisa wa viza naye humtazama vivyo hivyo.

Sasa nirudi kwenye zile milioni nne. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaajiriwa chuoni, mimi mwenyewe niliazima fedha kwa ndugu wawili, nikaziweka benki siku moja, nikapeleka taarifa ya akaunti katika ubalozi mmoja ambao sina haja ya kuutaja. Nilikataliwa. Karatasi ya majibu ilikuwa na visanduku vilivyotiwa alama, kimoja kikisema kwamba maelezo yangu hayakuaminika. Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi kisa hicho kama mfano wa dharau ya Wazungu. Sikuwahi kuwaambia habari ya fedha za kuazima. Ubalozi ule huenda ulikuwa na dharau, lakini kwa kisanduku kile ulikuwa sahihi, na nimechelewa sana kulisema hili mbele ya vijana.

Fedha iliyoingia ghafla hujitangaza yenyewe. Ofisa anayesoma taarifa za benki kila siku huiona kabla hajaona jina lako. Na kila tunapofanya hivyo tunamchafulia mwenzetu ambaye akiba yake ni ndogo lakini ni ya kweli, iliyopanda shilingi 60,000 mwezi huu na 40,000 mwezi ujao. Nilimweleza hivyo. Hakufurahi. Aliniambia, "Mwalimu, wewe sasa unaalikwa. Ni rahisi kusema." Sikuwa na jibu zuri.

Tulichoweza kufanya ni kusoma kanuni zenyewe, kazi ambayo wasomaji wangu wengi huwaachia madalali wa mjini. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Asingoje wiki ya mwisho. Lipelekwe kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Anayekataliwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kukata rufaa. Na kuna msamaha wa ada ambao nimekuta wanafunzi na wanaharakati wengi hawaujui: wanafunzi wanaokwenda kwa ajili ya masomo au mafunzo pamoja na walimu wanaofuatana nao, watafiti wanaokwenda kufanya utafiti au kuhudhuria kongamano la kisayansi, na wawakilishi wa asasi zisizo za faida wenye umri usiozidi miaka 25 wanaohudhuria shughuli za asasi kama hizo. Kijana wangu haingii humo. Angekwenda kwenye kongamano juu ya mjusi angesamehewa. Anakwenda kumwangalia mjusi, basi atalipa.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma hapa Dodoma nina neno moja. Katika bahasha ya kijana huyu karatasi iliyochelewa kuliko zote si ya benki wala ya bima. Ni barua ya mwajiri inayosema kwamba ameajiriwa, ana likizo yake halali, na atarudi darasani tarehe fulani. Aliifuatilia wiki tano, pamoja na kibali cha kusafiri. Barua hiyo ndiyo uzito mkubwa zaidi alio nao mtu asiye na fedha nyingi, kwa kuwa inaonyesha kinachomrudisha nyumbani, nayo haigharimu serikali kitu. Tunapodai, kama ninavyodai, kwamba Ulaya irudishe angalau sehemu ya ada kwa wanaokataliwa, na kwamba balozi zifungue kituo cha alama za vidole hapa makao makuu, hatuna uso wa kudai huku barua ya aya mbili ikilala mezani kwetu zaidi ya mwezi.

Sikumwazima zile milioni nne. Nilimsaidia kuandika barua ya maelezo, ukurasa mmoja, na pale panapoulizwa madhumuni ya safari alitaka kuandika "utafiti" kwa sababu inasikika vizuri. Tulibishana, kisha akaandika kwamba anakwenda kutembea na kumwona mjusi wa Lindi. Miadi yake ni Jumanne. Ameshakata tiketi ya treni ya alfajiri, na akaunti yake inasoma kile kilichomo.