Chunusi Si Uchafu, na Mkorogo Si Dawa

Ipo kasumba iliyoota mizizi mashuleni kwamba chunusi ni alama ya uchafu au ya mwenendo mbaya. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye uso uliojaa chunusi huambiwa mbele ya wenzake akaoge. Akiwa msichana, huzushiwa kwamba amekwisha kuanza mambo ya watu wazima. Na anayetamka maneno hayo mara nyingi ni mwalimu, mtu aliyesomeshwa, ambaye kitabu cha baiolojia kilichomo katika kabati la shule yake mwenyewe kinamkanusha.

Yafaa ieleweke kwamba chunusi huanzia ndani ya ngozi. Kijana anapobalehe, awe wa kiume au wa kike, mwili huongeza homoni za androjeni, nazo huzichochea tezi za mafuta za uso, kifua na mgongo. Wakati huohuo chembe za ngozi zilizokufa hushikamana na kuziba kitundu cha kinyweleo. Mafuta yakikosa pa kutokea, bakteria wakaao humo, ambao kila binadamu anao, huongezeka. Mwili hupambana nao, na ndipo panapotokea uvimbe, maumivu na usaha. Hata ule weusi uonekanao katika ncha ya baadhi ya chunusi si vumbi. Kuusugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia ni kuchubua ngozi na kuzidisha uvimbe.

Kama ubaya wa kasumba hiyo ungeishia katika maneno, pengine ingevumilika. Lakini aibu ina wafanyabiashara wake. Kijana aliyetahayarishwa haendi zahanati; huenda dukani. Huko huuziwa tyubu ya krimu yenye klobetasoli au betamethasoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi, bila cheti cha daktari wala swali lolote. Na krimu hiyo huonekana kufanya kazi! Hapo ndipo penye hila. Steroidi huzima uvimbe kwa siku chache, uso hulainika, wenzake humsifu, na muuza duka huonekana tabibu. Baada ya wiki kadhaa ngozi huanza kuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu hujitokeza, na chunusi mpya huzuka kwa wingi, za umbo moja kama askari wa gwaride. Akijaribu kuiacha krimu, uso huwaka na kuvimba, naye hurudi dukani kununua tyubu nyingine. Mteja wa namna hiyo hahitaji kutangaziwa bidhaa.

Wengine huendelea mbele zaidi. Chunusi zikipona na kuacha madoa meusi, hutafuta mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki. Nchini Tanzania viambato hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Sheria ipo. Makopo nayo yapo, sokoni na mikobani, na wala si mikobani mwa wanafunzi peke yao. Wapo watumishi wa ofisi ambao vidole vyao huwashitaki: uso wa rangi moja, vifundo vya vidole vya rangi nyingine. Mwanafunzi huyaona hayo na kujifunza.

Dawa za kweli za kupaka zipo, wala si siri. Benzoili peroksaidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huua bakteria bila kuwazoesha dawa, na ile ya asilimia 2.5 hukaribia kufanya kazi sawa na ya asilimia 10 huku ikiwasha kidogo zaidi, ingawa hupausha shuka na kola ya shati. Tretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971, na adapaleni huzibua vitundu; hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, na mjamzito asizitumie. Klindamisini ya kupaka isitumiwe peke yake, maana bakteria huizoea.

Ila dawa hizo hudai wiki 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha matokeo, na krimu ya dukani hudai siku tatu. Kijana anayechekwa kila asubuhi mstarini atachagua ipi?

Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa fani hiyo tangu 1992. Mwenye vijivimbe vikubwa vya ndani, viachavyo makovu, apelekwe kwa mtaalamu mapema, wala asingojeshwe mpaka amalize shule. Mwalimu anayesimamia afya shuleni amwandikie mzazi barua badala ya kumtuma mtoto bombani. Naye ofisa anayeingia dukani kukagua leseni iliyotundikwa ukutani, aiombe pia droo ya chini ya kaunta ifunguliwe.