Ajali Haina Kinga?

Wahenga walisema, "Ajali haina kinga." Nawaheshimu wahenga, msomaji wangu, lakini nathubutu kusema kwamba leo methali hiyo tumeifanya kichaka cha kujifichia.

Simama jioni ya Jumamosi penye mlango wa majeruhi wa hospitali yoyote kubwa, uwatazame wanaoshushwa. Huyu ni kijana aliyevunjika mguu kwa kuanguka na pikipiki. Yule ni utingo aliyekuwa akining'inia mlangoni mwa matatu. Wa tatu amekatwa panga katika ugomvi wa pombe. Nao wanawake, mmoja alikuwa abiria wa pikipiki ile ile. Mwingine ameunguzwa na jiko la mafuta ya taa. Na mwingine, jicho limemvimba, anamwambia mwuguzi kuwa alijigonga mlangoni.

Je, yote hayo ni kudura? Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba wanaume wafao barabarani ni karibu mara tatu ya wanawake. Kudura haichagui hivyo. Ni sisi tuliowafundisha wavulana kwamba helmeti ni vazi la waoga. Na uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 34 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Ngumi haianguki kutoka mbinguni; ina mwenyewe.

Tarehe 1 Februari 2004, masharti ya Waziri John Michuki yalianza kutumika: kila matatu iwe na mikanda, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Ikiwa ajali haina kinga, mikanda ile ilifungwa ya nini?

Mimi pia nina hatia. Nilimwona mwanafunzi wangu akipanda pikipiki, watu watatu juu yake, kichwa wazi, nami nikanyamaza. Hakurudi darasani tena. Mbele ya mama yake nilisema, "Ajali haina kinga." Neno hilo lingali likinichoma.

Basi, msomaji, usirithi ulimi wangu. Ikataeni pikipiki iliyojaa. Vaeni helmeti, wacheke wacheka. Usikiapo kilio cha jirani usiku, usiseme kuwa mambo ya nyumba ni ya wenyewe. Nenda ukabishe mlango pamoja na wenzako. Ziko ajali zisizo na kinga, lakini ni chache. Zilizosalia zina kinga, na kinga hiyo ni wewe.