Mnyororo wa Ajali Hauishii Kwenye Ukuta wa Kinu

Wataalamu wa vinu vya umeme wa nyuklia wana desturi moja nzuri. Hawangoji ajali itokee ndipo waulize chanzo chake. Hujiuliza mapema: pampu hii ikisimama, nini kitafuata? Na pampu ya akiba nayo ikikataa? Na mtumishi wa zamu akisoma vipimo vibaya? Huchora njia hizo kama matawi ya mti na kukadiria kila tawi. Uchunguzi mkubwa wa kwanza wa namna hii ulitolewa Marekani mwaka 1975, chini ya Profesa Norman Rasmussen. Ulionyesha kwamba mivujo midogo pamoja na makosa ya watu huchangia hatari kuliko kupasuka kwa bomba kubwa.

Chanzo cha hofu yote ni joto. Kinu hakizimiki kama jiko la mafuta ya taa. Hata kikishazimwa, fueli yake huendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu ya kawaida. Maji ya kupoza yakikosekana, fueli huyeyuka na mionzi hutafuta njia ya kutoka.

Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama wazi na maji yakatoka. Watumishi wa zamu walidhani maji yamezidi, wakapunguza yale ya dharura. Karibu nusu ya fueli iliyeyuka, ila jengo imara lilizuia sehemu kubwa ya mionzi. La kusikitisha ni kwamba vali ilikuwa imekwama hivyo hivyo katika kinu cha Davis-Besse mwaka 1977, lakini onyo halikuwafikia waliolihitaji.

Hesabu hizi zina ngazi tatu: kuharibika kwa fueli, kutoka kwa mionzi nje ya jengo, na madhara kwa watu. Ngazi ya tatu ndiyo hufanywa mara chache kuliko zote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mti hukatwa kabla haujazaa matunda.

Tazameni Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986. Wakazi wa mji wa Pripyat, karibu 49,000, walihamishwa siku ya pili yake. Lakini katika vijiji vingi ng'ombe waliendelea kula majani yaliyoangukiwa na iodini 131, na watoto wakanywa maziwa yao. Kufikia mwaka 2005, wagonjwa zaidi ya 6,000 wa saratani ya tezi ya shingo walikuwa wamehesabiwa miongoni mwa waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali. Wengi walitibiwa wakapona, lakini sehemu kubwa ya ugonjwa huo ilitokana na maziwa yale. Nguvu ya iodini 131 hupungua kwa nusu kila siku 8. Kama wazazi wangeambiwa mapema waache maziwa mabichi kwa wiki chache, mnyororo ungekatika mezani. Nchi ya Poland iliwapa dawa ya iodini watoto zaidi ya milioni 10, kwa sababu tezi iliyokwisha kushiba iodini safi haipokei sana ile yenye mionzi. (Chumvi yetu yenye madini joto ni kinga ya rovu, haiwezi kushika nafasi ya dawa hiyo.)

Huko Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, mawimbi ya tsunami yalikata umeme wa kupoza, na vinu vitatu vikayeyuka. Wagonjwa na wazee walihamishwa kwa haraka, bila matunzo ya kutosha, na makumi yao wakafa. Hawakuuawa na mionzi, bali na safari. Je, kitanda cha mgonjwa kilikuwa kwenye mti wa matukio?

Jambo hili si la mbali. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa na mpango wa kujenga kinu cha kwanza, na Uyombo huko Kilifi pametajwa. Sisemi umeme huo ni dhambi. Moshi wa makaa ya mawe nao unaua. Nasema hesabu ya ajali ifike hadi jikoni na wodini, na isomwe kwa lugha ya wananchi. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba athari za mradi zichunguzwe kwa uwazi kabla ya uamuzi, na wenyeji wasikilizwe.

Basi popote kinu kinapopangwa, wazazi wana haki ya kuuliza: Nani atatuarifu, na baada ya saa ngapi? Dawa ya iodini itawekwa wapi? Nani atawabeba wagonjwa? Mtaalamu asiye na majibu hayo hajamaliza kazi yake.