Cherehani ya María

Wasomaji wangu, tamthilia za Kihispania ambazo mabinti zetu huziharakia baada ya magharibi, mimi nilizibeza miaka mingi. Kisha nikasoma habari za "Simplemente María". Kisa chatoka Argentina, lakini Peru ndiyo iliyokivumisha mwaka 1969, kikanunuliwa Marekani ya Kusini kote. María, mtumishi wa nyumbani mjini Lima, atiwa mimba na kuachwa. Ajifunza kusoma, ashika cherehani, ainuka. Watumishi wenziwe wakakimbilia madarasa ya kusoma na kushona. Siku ya arusi yake, arusi ya mchezo tu, maelfu ya watu walifurika kanisani!

Miguel Sabido wa Mexico akakichungua, akatengeneza "Ven Conmigo" mwaka 1975 kuwavuta watu wazima kwenye kisomo, kisha "Acompáñame", juu ya uzazi wa mpango. Njia hiyo ikafika Kenya mwaka 1987 kwa jina la "Tushauriane".

Hapo ndipo ninapositasita. Kisomo sikatai, mwalimu wangu wa chuoni alitufunza kwa visa vya Mitume. Lakini mambo ya mume na mke, kabla hayajapenyezwa ndani ya kisa, nataka tuyajadili kwanza, masheikh wawepo na akina mama wawepo. Si jina lenyewe lasema?