Kodi ya kukadiriwa inawaumiza wasio na daftari

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara mdogo anayeanza, msemo huo hauhusu mali tu, unahusu na kodi.

Wengi wetu tunapofungua genge, duka la pembejeo au banda la kununulia mahindi, tunawaza mtaji, pango na wateja. Kodi tunaikumbuka siku ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) anapoingia mlangoni. Hapo ndipo kilio cha kukadiriwa kodi kubwa kinapoanza.

Sisemi kuwa vilio vyote ni vya uongo. Hata hivyo, sheria yenyewe imempa nafuu mwenye kumbukumbu, na wengi hatuitumii.

Tuchukue mfano wa mama mwenye genge anayeuza Sh 25,000 kwa siku. Kwa siku 360 mauzo yake ni Sh milioni 9. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya Sh milioni 7 na milioni 11 ambaye hana kumbukumbu alitakiwa kulipa Sh 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alitakiwa kulipa Sh 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kiasi kilichozidi Sh milioni 7. Mama huyu akiwa na daftari angelipa Sh 150,000. Akikosa daftari, anapoteza Sh 100,000 ambazo zingerudi kwenye mtaji.

Viwango hivyohivyo havikumtoza mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4. Lakini utathibitishaje kuwa hujavuka hapo kama huna maandishi?

Yapo mambo mengine ambayo anayeanza hana budi kuyajua. Namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa bure, hivyo anayekudai fedha ili akupatie anakuibia. Kodi hii ya mtu binafsi hukokotolewa kwa mauzo, si kwa faida, na hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka. Aidha, ushuru wa soko na leseni ya halmashauri havifuti kodi ya mapato. Ni wadai wawili tofauti, na risiti ya mmoja haimtoshi mwingine.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Andika tarehe, ulichouza na kiasi ulichopokea, kila jioni kabla ya kufunga. Risiti za manunuzi zitunze kwenye bahasha ya kila mwezi, na usizitupe kabla ya miaka mitano kupita.

Nao TRA wana wajibu wao. Elimu ya kodi isiishie mijini kwenye semina. Ipelekwe kwenye magulio na minada, mfanyabiashara aonyeshwe hesabu yake kwa kalamu na karatasi kabla ya kudaiwa. Mtu anayeelewa anacholipa hafungi duka kila akisikia ofisa yuko mtaani.

Viwango vya kodi huweza kubadilika kila Julai, Sheria ya Fedha mpya inapoanza kutumika. Basi kila mwaka ulizia ofisi ya TRA iliyo karibu nawe, na uende na daftari lako mkononi.