Spika huunguzwa na amplifaya ndogo

Kuna imani iliyoenea sana hapa Mombasa, na Malindi na Lamu nimeikuta vilevile, ya kwamba spika zikiungua basi amplifaya ilikuwa kubwa mno kwazo. Mtu akishaamini hivyo hununua amplifaya ya wati 20 akiona ndiyo salama, kisha siku ya harusi akaifungulia mpaka mwisho. Mimi naona kinyume chake. Spika nyingi zinazofia majumbani mwetu zauawa na amplifaya ndogo iliyobebeshwa mzigo usio wake.

Sauti hupita katika waya kama wimbi, likipanda na kushuka. Kila amplifaya ina kikomo cha umeme inaoweza kutoa, na ukiishurutisha kupita hapo, vilele vya lile wimbi hukatwa vikawa bapa. Ndio ule mkwaruzo ambao wengine wetu, Mungu atusamehe, twauita utamu. Wimbi lililokatwa huzaa sauti kali za juu ambazo mwimbaji hakuzitoa, na amplifaya ya wati 30 iliyozidiwa kabisa yaweza kumwaga karibu wati 60. Ziada hiyo huingia kwenye ile spika ndogo ya sauti za juu, mafundi waiitayo twita, ambayo waya wake ni mwembamba mno na hustahimili wati chache tu hata kama sanduku zima limeandikwa 100. Jirani yangu mmoja amebadilisha twita mara tatu katika miaka miwili, na kila mara fundi wake humshauri aongeze spika.

Na hilo la kuongeza spika lina balaa lake. Nyuma ya kila spika huandikwa omu, aghalabu 8 au 4, yaani ukinzani wake kwa umeme. Omu zikipungua, amplifaya hudaiwa umeme zaidi. Chukua amplifaya inayotoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, ambazo ni wati 50. Ya omu 4 itavuta ampea 5, wati 100. Sasa mwenye nyumba aunga mbili ukumbini, moja barazani na moja juu darini kwa ajili ya akina mama, zote za omu 8, zote upande mmoja wa amplifaya. Jumla yake ni omu 2, na mashini yatakiwa itoe ampea 10. Isiyo na kinga huungua transista. Yenye kinga hujizima katikati ya vugo, na lawama zote akapewa fundi. Mpaka umeandikwa pale pale nyuma penye matundu ya waya, omu 4 au 8, wala hapana ajizi ya kuusoma. Na pembe za msikitini zisishushwe kuja kufungwa nyumbani. Nyingi zina transfoma ndani yake, zimetengenezewa laini ya volti 100, ukiacha kwamba ni mali ya wakfu.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijamwona mnunuzi akiiulizia, nayo ni desibeli. Spika hupewa wati 1, ikapimwa sauti yake umbali wa mita 1. Kila ikipungua desibeli 3 yahitaji nguvu maradufu. Hivyo spika ya desibeli 84 yataka wati mara nne kuliko ya 90 ili zilingane sauti: huyu atumie 100, yule 25. Katika vyumba vyetu vya Mji wa Kale, vyembamba kwa urefu wa boriti na kuta nene za mawe zirudishazo sauti, hizo 25 ni nyingi kwa mtu asiyetaka kugombana na majirani.

Mtu ataniuliza, kama chumba ni kidogo, ya nini basi kuhimiza amplifaya yenye akiba? Jibu limo katika tunavyovisikiliza. Msomaji wa Kurani kama Abdul Basit Abdus Samad wa Misri (1927–1988) huanza kwa sauti ya chini, akatulia, kisha kwa pumzi moja akapanda. Sauti ikipanda desibeli 10, sikio huhisi imekuwa maradufu tu, lakini amplifaya imedaiwa wati mara kumi. Aliyekuwa akisikiliza kwa wati 3 sasa ahitaji 30. Amplifaya ya wati 15 huikata sauti pale pale msomaji afikapo kileleni. Udi ni vivyo hivyo, kila pigo la uzi lina kilele chake cha ghafla. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na mwenye kanda zake za zamani azicheze kwenye chombo kisichomkwaruza.

Sisemi amplifaya kubwa haiui spika. Mkononi mwa kijana asiyejua kurudisha kitufe itaua. Lakini ilingane na wati za kudumu za spika, au iwe moja na nusu yake, omu ziwe ndani ya mpaka, na mkono uwe na adabu.

Zaidi nawalaumu wauzaji wa zile seti ziitwazo wufa, boksi lina maandishi ya wati 10,000 za PMPO, hesabu isiyo na maana yoyote kwa sikio. Marekani ilitunga kanuni mwaka 1974 kuwalazimisha wauzaji watangaze nguvu ya kudumu, kwa kuchoshwa na uongo kama huo. Wewe geuza seti, usome kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme wa ukutani. Kikisema wati 60, basi hizo elfu kumi zatoka wapi? Hakuna mashini itoayo kwa kudumu zaidi ya inachokula. Debe tupu haliachi kuvuma, na madukani huvuma kwa bei. Kabla hujalipa, mwambie mwenye duka aweke kisomo badala ya ngoma, akipandishe mpaka sauti unayoitumia nyumbani, nawe usimame karibu na twita usikilize herufi za sin na shin. Akikataa kuiwasha, maduka mengine yapo.