Yves Montand Hakuwa Kigeugeu

Ndugu walimu, neno "kigeugeu" siku hizi limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Kila abadiliye rai hupakwa neno hilo, pasi na kuulizwa amebadili nini na kwa sababu gani. Nimelisikia likitajwa juu ya Yves Montand, mwimbaji na mwigizaji wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1991, nami siwezi kunyamaza.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ivo Livi. Alizaliwa Italia mwaka 1921, mwana wa mkomunisti aliyewakimbia Mafashisti wa Mussolini akahamishia jamaa yake Marseille. Huko kijana alifanya kazi ya kiwandani na ya bandarini, hata Edith Piaf alipomwinua Paris mwaka 1944. Basi siasa ya kushoto hakuiokota vitabuni, aliinyonya nyumbani.

Mwishoni mwa 1956, vifaru vya Kisovieti vilipokwisha kuikandamiza Budapest, alikwenda kuimba Moscow. Alikosea, wala simtetei. Hata hivyo, yeye na mkewe, Simone Signoret, walipoketi mezani na Khrushchev walimwuliza waziwazi habari za Hungaria. Ni wangapi kati yetu wangethubutu kumwuliza mwenyeji mwenye nguvu swali kama hilo, chakula chake kikiwa mbele yao?

Sasa tazameni filamu zake mbili, zote za Costa-Gavras. Katika Z, ya mwaka 1969, aliigiza mbunge auawaye na wahuni wa mrengo wa kulia. Kisa kilitokana na kuuawa kwa Lambrakis huko Ugiriki mwaka 1963. Watu wa kushoto walimshangilia. Mwaka uliofuata, katika L'Aveu, yaani Ungamo, alijikondesha ili aigize mkomunisti ateswaye na wakomunisti wenziwe hata akiri asiyoyatenda. Kisa hicho ni cha Artur London, mmoja wa washtakiwa 14 wa kesi ya Prague ya 1952, ambao 11 kati yao walinyongwa. Wengi waliomshangilia jana wakamwona msaliti. Nduguye Julien, kiongozi wa wafanyakazi, alibaki mkomunisti, na udugu wao ukaingia ufa.

Je, alikuwa amehamia kwa matajiri? La hasha! Februari 1974 alipanda jukwaa la Olympia, Paris, kuwaimbia wakimbizi wa Chile waliomkimbia Pinochet. Mateso aliyachukia yakitoka kulia, akayachukia yakitoka kushoto.

Najua mtanitupia ile programu ya televisheni ya mwaka 1984, alipowahimiza Wafaransa waipokee shida ya uchumi kwa moyo mkunjufu. Hilo lilinichukiza hata mimi: mwenye shibe akiwahubiria wenye njaa wafunge mikanda! Mlaumuni kwa hilo mpaka mchoke. Lakini huo ni ugumu wa moyo, au tuseme majivuno. Nayo yana maneno yake katika kamusi.

Na mwanafunzi akiomba mfano wa kigeugeu, mtafutieni mtu mwingine.